Matope ya Josho

Wiki jana tulimwacha Bochaberi amesimama katikati ya baraza, gunia la matope miguuni, mdomo wazi, na neno limemkwama kooni kama tonge la ugali moto. Nyinyi mkakunja gazeti mkaenda zenu kupika. Yeye bado amesimama pale pale, na magoti yameanza kumlaumu.

Mlango wa gari la kampuni ulikuwa umefunguka. Mtaalamu wa mazingira aliyesubiriwa tangu asubuhi alishuka, akapangusa viatu vyake kwenye nyasi, akainua uso.

Si mzungu. Si mtu wa Nairobi. Ni Anyona, mume wa Mokeira. Na Mokeira ni binti ambaye Bochaberi alimzaa kwa tumbo lake hili hili.

Mkwe wake!

Kama gazeti la wiki jana lilifungia mtu nyama, basi asikie kwa ufupi. Bwawa la Nyabisase lilijengwa zamani za mkoloni ili kuwasha taa za kiwanda cha chai. Likajaa matope mpaka mashine za stima zikanyamaza. Sasa kampuni imekuja kulikarabati, na matope yote yanachotwa yagawiwe watu bure, lori moja kwa kila boma.

Bure! Kwa watu wa Nyamira, ambao shamba la babu liligawanywa kwa baba, la baba likagawanywa kwa ndugu, mpaka mtu akipanda mgomba kivuli chake kinaanguka kwa jirani! Nani atakataa udongo mpya? Walishangilia mpaka sauti zikakauka, na Bochaberi alishangilia kuliko wote.

Boma lake linapakana na bwawa, kwenye kona ya josho la zamani la ng'ombe. Kwa hivyo alimwagiwa lori la kwanza, la kujaribu. Chinsaga zake, zile mboga chungu ambazo Mgusii hamalizi wiki bila kuzila, zikatoa majani mapana kama masikio ya ndama. Halafu ndama mwenyewe akaja akayalamba yale matope. Akaanza kutetemeka miguu. Akaanguka. Akafa ulimi ukiwa nje.

Ndipo Bochaberi alipokumbuka kitu ambacho kila mtu wa rika lake alikijua. Kila josho lilipochafuka, maji yake yenye dawa ya kupe yalifunguliwa yakateremka bwawani. Miaka nenda, miaka rudi. Samaki walielea matumbo juu na watoto wakawatupia mawe wakicheka. Josho likafungwa, watu wakasahau. Dawa haikusahau. Ililala chini kwenye matope, ikangoja.

Leo ripoti ya mazingira inasomwa mbele ya wananchi. Ikipita, malori yataanza kumwaga yale matope leo leo kwenye mashamba ya watu. Bochaberi alikuja na gunia lake kuyazuia.

Na aliyeiandika ripoti ni mkwe.

Sasa wewe unayesoma ukiwa Mombasa utauliza, kwani mkwe ni simba? Si amwambie tu amekosea, wanywe chai, yaishe? Kwa Wagusii mambo hayaendi hivyo. Kuna chinsoni. Mama na mume wa binti yake wanaheshimiana mpaka unaweza kudhani wanaogopana. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Mama hamkaripii mkwe, na mkwe hamjibu mama. Mahali mama mkwe anapooga, mkwe hapiti. Chumba anacholala, mkwe hatupi hata jicho. Anayevunja chinsoni hapelekwi kortini. Anachekwa tu, na wajukuu wake wanarithi kicheko.

Momanyi, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeuza ng'ombe kilema kwa bei ya mzima. Malori yaliyokodiwa na kampuni ni yake.

"Karibu mkwe wetu!" akapaza sauti. "Leteni kiti. Hapana, si hapo. Hapa mbele, uso kwa uso na Mama Mokeira. Haya, Mama Mokeira, ulikuwa unasema nini?"

Bochaberi akaelewa. Walikuwa wamezunguka Kenya nzima yenye wasomi wa kila aina, wakamchukua yule mmoja ambaye yeye hawezi kumfungulia mdomo.

Akavuta leso akajifunika kichwa. Akatazama ardhi.

"Si uongee!" Nyanchera, jirani yake, akamtania kutoka safu ya pili. "Jana ulikuwa na mdomo wa redio. Betri imeisha?"

Watu wakacheka. Bochaberi akainama kuchukua gunia lake aondoke. Alikuwa ameshalishika shingo mkono mwingine ulipolishika pia.

Ulikuwa mkono wa Samsam.

Samsam ni mama mfanyabiashara wa Keroka. Watu wake ni Waislamu wa mjini. Babu yake alikuja na robota za vitambaa akafungua duka, na mjukuu akaona vitambaa havina faida akageukia ndizi. Kila wiki huja na pikapu yake kununua mikungu ya Bochaberi, na leo ameiacha langoni kwake wakaja barazani kwa miguu. Wanagombana juu ya bei, halafu wanakunywa chai. Ekegusii chake kinawashinda waliozaliwa nacho.

"Bocha, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Si unaona ni nani?"

"Namwona. Ni mkwe wako. Kwangu ni kijana tu wa watu, tena mwembamba." Samsam akamshika mabega akamgeuza, mgongo kwa meza kuu, uso kwa mashamba ya chai. "Mpe mgongo. Ongea na mimi. Mimi nitaongea na yeye."

Momanyi akasimama. "Hii ni baraza, si mchezo wa kuigiza!"

"Mwenyekiti," Samsam akamjibu, "ulitaka Mama Mokeira aseme. Anasema. Kaa chini usije ukakanyaga koti lako."

Watu wakashangilia. Watu wetu hata wakikuchukia hawawezi kukataa mchezo wa bure. Momanyi akakaa.

"Muulize huyo mtu," Bochaberi akayaambia majani ya chai, "matope aliyopima aliyatoa wapi."

Samsam akageuka. "Mtaalamu, mama anakuuliza kwa upole mwingi, matope ya kupima uliyatoa wapi?"

"Sikusema kwa upole," Bochaberi akanong'ona.

"Najua. Nimetia sukari."

Anyona alikuwa amekaa nusu kiti, kama kuku anayetaka kuruka. Alisafisha koo. "Mwambie mama kwamba kabla ya hayo, nina neno la nyumbani ambalo ninataka—"

"Ya nyumbani baadaye!" Bochaberi akamkata bila kugeuka. "Mwambie ya nyumbani ni baadaye. Nimeuliza matope."

"Ya nyumbani baadaye," Samsam akasema. "Matope."

Anyona akafungua karatasi zake, akazifunga. "Mwambie tulichota pale kwenye ukuta wa bwawa. Chupa nyingi tu. Maabara ilizipima zote, hazina kitu kibaya."

"Ukutani," Bochaberi akasema polepole. "Mwisho kabisa kule chini. Sasa muulize kama alifika kwenye kona ya josho."

Samsam akauliza. Anyona akageuza macho bwawani. Tingatinga lilikuwa likikoroma huko, likichota.

"Mwambie," akasema mwishowe, "sehemu hiyo haikufikika."

"Anasema hakukuwa na njia."

Bochaberi akacheka, kicheko kikavu kama cha mtu anayekohoa. "Njia! Ng'ombe wanaipita. Watoto wanaipita. Walevi wanaipita wakiimba! Maji yakijaa, hiyo ndiyo njia peke yake, na inapita nyuma ya nyumba yangu, pale karibu na—"

Akakaza leso kichwani.

Inapita karibu na bafu lake. Bafu gani, ni mabati tu yaliyochoka na gunia la kuziba mbele.

Wazee waliokuwa karibu walielewa kabla ya vijana. Mmoja akaanza kukohoa kwa nguvu kuficha uso wake.

"Samsam." Sauti ya Bochaberi ilikuwa imepungua. "Muulize kama ni kwa sababu yangu."

Safari hii Samsam hakutia sukari. "Ni kwa sababu yake?"

Jasho lilikuwa linamtiririka Anyona, na jua halikuwa kali. "Ningepitaje? Nilikuwa na wenzangu wa maabara, watu wa mbali. Tulifika kwenye ua wa boma. Nikasikia maji yakimwagwa kwenye karai. Nikajua ni mama anaoga. Nikawaambia wenzangu turudi, hapa kuna mbwa mkali."

"Hana mbwa," Samsam akasema.

Baraza zima likapasuka. Vijana wa boda boda walikuwa wanapigana makofi ya mgongo. Mzee Omosa, ambaye hajacheka tangu mazishi ya ng'ombe wake, alishikilia mbavu.

"Na siku nyingine?" Samsam akauliza kelele zilipopungua. "Au mama huyu huoga kuanzia Jumapili mpaka Jumamosi?"

"Nilirudi mara nyingine. Nikaona haya hata kabla sijafika kwenye ua. Ningemwambia nini akinikuta pale nyuma na chupa mkononi? Nikaandika kwamba matope ni yale yale kila mahali."

Wakacheka tena. Bochaberi aliwangoja wamalize. Alikuwa anakumbuka alivyomsifu huyu kijana kanisani, Sabato baada ya Sabato. Mkwe wangu ana adabu. Mkwe wangu hata kivuli changu hakikanyagi. Akina mama walikuwa wakimwonea wivu.

"Mwambie," akasema, na sasa hakuwa ananong'ona, "mwambie heshima yake imeniulia ndama. Mwambie kama binti yangu angeolewa na mtu asiye na haya, mtu wa kuchungulia wanawake wakioga, leo watu hawa wangekuwa salama."

Samsam akageuka na kuyasema yote, neno kwa neno.

Hakuna aliyecheka.

Kwa dakika ile fupi Bochaberi alidhani ameshinda. Aliwaona watu wakitazamana. Alimwona mama mmoja akilitazama gunia la matope na kumvuta mtoto wake karibu.

Halafu Momanyi akapiga makofi. Polepole, pa, pa, pa.

"Asanteni. Tumecheka, tumehuzunika, sasa turudi kwa kazi. Ndama amekufa, pole. Wangu pia alikufa mwaka jana, alikula mfuko wa plastiki. Mbona sikuita baraza?" Akawageukia watu. "Mimi nauliza swali la mtu ambaye hakusoma sana. Chinsaga za Mama Mokeira mmeziona au hamjaziona?"

"Tumeziona!"

"Zikoje?"

"Zimefika kiunoni!"

Nyanchera akainuka. Uso wake haukuwa wa utani tena. "Bochaberi, zako zinafika kiunoni, zangu zinafanana na nywele za mtoto mgonjwa. Ulimwagiwa wa kwanza. Hukuita mtaalamu, ulipanda. Sasa zamu yetu imefika ndiyo unakuja na gunia?"

"Nyanchera, sikiliza."

"Nimesikiliza tangu asubuhi."

"Tulizaa msimu mmoja mimi na wewe. Nilipokosa maziwa ulimnyonyesha Mokeira. Kwa hayo maziwa, nakuomba, usimwage hayo matope kwako."

"Na kwa hayo hayo maziwa," Nyanchera akasema, "mimi nina vijana wanne wanaotaka kujenga, na shamba ambalo nikilala miguu inaingia kwa jirani. Utanipa la kwako?"

Hilo halikuwa swali la sumu. Hilo lilikuwa swali la shamba, na jibu lake hakuna mtaalamu aliyelipima.

"Magokoro, nyanya wewe, wacha roho chafu!" kijana mmoja wa boda boda akapiga kelele. "Bibi mzima unachoyea watu matope? Si ushee tu!"

Anyona akasimama. "Mwenyekiti, naondoa jina langu kwenye ripoti. Nitakwenda konani leo nichote upya. Matope yasimwagwe mpaka yapimwe."

"Jina liondoe, ni lako," Momanyi akasema, mpole kama mchungaji. "Lakini ripoti iliondoka zamani, kijana wangu. Iko kwa wakubwa. Hapa tunatimiza sheria tu. Sheria inasema wananchi wasikilizwe. Wananchi, mmesikilizwa?"

"Ndiyo!"

"Wanaotaka udongo, mikono juu!"

Mikono ikapanda. Ikapanda mbele, ikapanda nyuma, ikapanda mpaka Bochaberi akashindwa kuona nyuso. Mzee Omosa bega lake huuma. Alimwomba jirani amwinulie.

Momanyi akatia vidole mdomoni akapiga mluzi. Nyuma ya ukumbi wa soko injini zikanguruma, moja, nyingine, nyingine. Malori yalikuwa yamejazwa tangu alfajiri. Wananchi walisikilizwa shehena ikiwa tayari mgongoni.

Watu wakakimbia kuyapanda kama wanaokwenda harusini.

Bochaberi akabaki na Samsam, na viti vitupu, na mtu mmoja aliyekaa mbele ambaye hakuweza kumtazama.

"Samsam," akasema, macho yake yakiwa bado kwenye majani ya chai. "Mwambie huyo mtu, kama bado anayataka matope ya konani, njia ni ile ile. Mwambie leo hakuna anayeoga."

* * *

Walikata kupitia mashamba ya chai, maana barabara inazunguka mbali. Bochaberi mbele na gunia lake, Samsam katikati, Anyona nyuma, viatu vya mjini vikiteleza kila hatua. Huwezi kujua kama ni msafara au ni mazishi.

"Mama Samsam," Anyona akaita, "lile neno la nyumbani. Mwambie tafadhali. Ni kuhusu Mo—"

"Mwambie nitalisikia nikiwa nimekaa chini," Bochaberi akasema. "Masikio yangu yamechoka leo. Yamesikia watu wazima wakiomba sumu kwa mikono miwili."

"Amesema baadaye," Samsam akasema, na kwa sauti ya chini akaongeza, "mwache, ameumia. Atakusikiliza."

Anyona akanyamaza. Angeweza kupaza sauti. Angeweza kumpita Samsam, akasimama mbele ya mama yule, akasema. Mtu mwingine yeyote angefanya hivyo. Lakini mkwe hampigii mama mkwe kelele njiani, na Anyona, kama mlivyosikia, ni kijana mwenye adabu.

Huko mbali honi za malori zilikuwa zinalia, na nyimbo.

"Utafanya nini?" Samsam akamuuliza rafiki yake.

"Akishachota, ataipeleka maabara kwa mkono wake. Na zile chinsaga nimeziacha zisimame. Nimesema watu wa maabara nao wazione, wazipime. Sijang'oa hata jani moja."

"Na mtu akizichuma?"

"Nani? Mimi naishi na kuku."

Walifika kwenye mistari ya mwisho ya chai, pale unapoanza kuona paa la jikoni. Bochaberi akasimama ghafla. Samsam nusura amgonge.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa.

Na chini ya moshi, harufu. Harufu ile ambayo huwezi kuichanganya na nyingine. Mboga chungu iliyochemshwa polepole, ikamwagiwa maziwa, ikaachwa itokote.

"Nani amewasha moto kwangu?"

"Labda jirani," Samsam akasema.

"Majirani wote wako juu ya lori."

Kisha ikaja sauti nyuma yao, na haikumwomba Samsam aipeleke popote.

"Mama. Hilo ndilo neno." Anyona alikuwa amekuwa wa rangi ya jivu. "Mokeira yuko hapo. Nimewashusha asubuhi, yeye na mtoto. Alinikataza nisikupigie simu, alitaka ukirudi ukute amekupikia."

Gunia likaanguka. Matope yakamwagika kwenye chai.

Mnajua mama wa umri ule hakimbii. Anaharakisha, analalamika, anashika kiuno. Bochaberi alikimbia. Gambuti moja ilibaki nyuma kwenye mtaro, hakuirudia.

Mokeira alikuwa amechutama jikoni na mwiko mkononi, uso umeng'aa kwa joto la moto. "Mama! Mbona mapema? Nilikuwa nataka ukute nimepakua." Akacheka. "Hizi ndizo zile ulizokuwa unanitambia kwa simu? Kumbe ulisema kweli! Nyamusi amekula mpaka akalamba sahani. Nyamusi, Mama! Yule wa kutema mboga!"

Bochaberi akaipiga sufuria teke. Mboga na maziwa vikamwagika motoni, jikoni pakajaa mvuke.

"Wewe umekula?"

"Nimeonja chumvi tu, mama, nini—"

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala kitandani kwako. Alitapika kidogo, nikajua ni gari. Alicheza pale kwenye udongo mpya, nimemnawisha. Mama, unanitisha!"

Bochaberi aligeuka, akamwona Anyona mlangoni mwa nyumba kubwa. Alikuwa ametangulia. Amefika kwenye kizingiti, mkono kwenye fremu, mguu mmoja mbele, na pale pale mguu umekataa. Ndani kuna sebule. Upande wa pili wa sebule kuna pazia. Nyuma ya pazia kuna kitanda cha mama mkwe.

Hata sasa. Hata sasa mguu ulikuwa unakumbuka.

Bochaberi alimtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku aliyomchukua binti yake.

"Anyona," akasema. Hakumpitia Samsam. Hakumpa mgongo. "Ingia."

Akaingia. Pazia likachanika kutoka kwenye waya wake.

"Nyamusi," walimsikia akiita. "Nyamusi, mama. Amka, baba amekuja."

Kimya.

"Nyamusi!"

Alitoka amembeba. Kichwa cha mtoto kimelala kwenye mkono wake, macho nusu wazi, mate meupe kwenye kona ya mdomo. Na vile vimiguu, vyenye soksi za safari, vilikuwa vinatetemeka.

Bochaberi alilijua lile tetemeko. Alikuwa amelitazama juzi, zizini, mpaka mwisho.

Mokeira akapiga yowe.

"Gari langu liko barazani," Anyona akasema. Hakuwa anamwambia mtu.

"Pikapu yangu iko hapo langoni!" Samsam alikuwa ameshaokota leso yake na kuanza kukimbia, funguo zikilia mkononi. "Njooni! Tutafika hospitali Kisii kabla ya jua kugeuka, njooni!"

Wakakimbia, baba na mtoto, mama, na bibi mwenye gambuti moja. Pikapu ilikuwa imeegeshwa pale ilipo kila wiki, mikungu ya ndizi nyuma, pua imeelekea barabara kuu. Barabara ya kutoka pale ni moja, nyembamba, chai huku na chai huku, na mtaro pande zote.

Samsam akawasha gari. Injini ikaitika. Akaachia breki.

Na kwenye kona ya barabara, pale mbele, honi ikalia.

Lori la kwanza likapinda likaja, limeijaza barabara kutoka mtaro hadi mtaro. Nyuma yake lori la pili. Nyuma ya la pili, la tatu. Matope meusi yalikuwa yanadondoka pembeni, na juu ya matope watu wamekaa, wamesimama, wanaimba, wanapiga makofi. Momanyi alikuwa mbele kwa dereva, mkono nje ya dirisha.

Na juu kabisa ya shehena, miguu imezama hadi magotini, leso ikipepea, alikuwa amesimama Nyanchera. Aliwaona. Akafurahi. Akainua mikono miwili juu.

"Mama Mokeira!" akaita. "Waambie wasogeze hiyo pikapu! Udongo wangu umefika!"